Ile video yangu ya Crown nyeusi ilikuwa nusu uongo

Leo hakuna video. Leo nimeamua kuandika tu, kwa sababu hii stori nikiiweka kwa kamera nitaanza kujitetea, na sitaki kujitetea.

Kama umekuwa hapa tangu mwaka jana, unakumbuka ile video ya boneti ya Crown nyeusi. Sekunde 40. Upande wa kushoto mistari imejaa kama utando wa buibui, upande wa kulia unaona mawingu na mti wa jirani ndani ya rangi, kioo kabisa. Katikati nimebandika tepu ya karatasi, naivuta polepole, mpaka unaonekana. Hiyo ndiyo iliwaleta wengi wenu hapa. Ndiyo iliwafanya watu waanze kuniita fundi wa bafing.

Sasa sikiza. Sikutumia filta. Sikuchezea rangi kwa simu. Mwanga ulikuwa ule ule, jua la saa saba mchana. Lakini mistari mliyoona imepotea haikuwa imepotea. Ilikuwa imefichwa, na kitu cha aibu ni kwamba wakati huo hata mimi sikujua tofauti.

Gari ni ya anko wangu, kaka ya mama. Ni mtumba wa Japani kama magari mengi hapa kwetu, na Jumamosi anaikodisha kwa harusi. Si unajua venye harusi za Nairobi zinaenda: gari nyeusi, utepe mweupe, maua juu ya boneti, halafu kila mtu anataka picha akiwa ameegemea mlango. Kwa hiyo rangi ya hiyo Crown si urembo, ni mkate. Mtu akija kuiangalia kabla ya kulipa depo, haulizi habari ya injini. Anaizunguka tu akiangalia rangi, na kama ni mchana anainama kidogo, anaangalia na jua.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, na kila mtu kwetu alikuwa na hotuba yake tayari. Anko peke yake ndiye hakuniuliza nitarudi lini. Alinikuta kwa kawoshi nikiosha magari, nikiwa nimeshajinunulia mashine ya kung'arisha ya mtumba, akaiangalia, akaniambia, "Kijana, jaribu hiyo mashine yako kwa yangu. Ukiiweza, nitakuwa nakuletea kila mwezi."

Kila mwezi. Shika hilo neno, tutalirudia.

Kabla niendelee, tuelewane hiyo mikwaruzo ni nini, kwa sababu watu wengi wanaongea kuhusu "kutoa scratch" kama vile ni doa la chai kwa shati. Jina la scratch tuliweke kando, tuite mkwaruzo.

Gari ya kisasa imepakwa tabaka kadhaa. Chini kuna bati, halafu praima, halafu rangi yenyewe, halafu juu kabisa ile kitu mafundi wetu wanaita klia. Klia haina rangi. Ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Kwa magari mengi yakitoka kiwandani, hiyo klia ina unene wa kati ya mikroni 35 na 50. Mikroni ni milimita moja ukiikata mara elfu moja. Unywele wa kichwa chako una kama mikroni 70. Yaani mng'ao wote wa gari, kila kitu unachokipiga picha, ni mwembamba kuliko unywele.

Mikwaruzo myepesi inakaa ndani ya hiyo klia, juu juu. Kila mmoja ni kamtaro kadogo, na kingo za hako kamtaro zinatawanya mwanga. Gari nyeupe inarudisha mwanga kila upande, kwa hivyo hako kamwanga ka mkwaruzo kanapotelea humo. Nyeusi inameza mwanga karibu wote, kwa hivyo kitu chochote kikimetameta kinaonekana kama nyota usiku. Ndiyo maana magari mawili yanaweza kuoshwa na mtu mmoja, kitambaa kimoja, siku moja, nyeupe ikatoka safi na nyeusi ikatoka kama imechezewa na paka. Nyeupe pia imekwaruzwa. Inajua tu kuficha.

Na ile miduara unayoona? Watu hulaumu mtu wa kawoshi ati aliosha kwa kuzungusha mkono. Chukua tochi ya simu usiku, imulike boneti nyeusi, halafu sogea hatua mbili. Mduara utakufuata. Mikwaruzo imeenda kila upande, lakini macho yako yanaona tu ile iliyoukata mwanga, na hiyo inajipanga kuzunguka taa. Ukisogeza taa, unaona mingine. Ukweli ni kwamba iko mob kuliko ile unayoona.

Sawa. Turudi kwa Crown.

Siku ya kwanza nilitumia dawa moja ambayo ilikuwa inauzwa kama ya hatua moja: unapaka, mashine inazunguka, unafuta, kazi imeisha. Niliweka sponji laini kabisa kwa sababu nilikuwa na uoga. Nikafanya nusu ya boneti. Nilipofuta, maze, nilishtuka. Ilikuwa imeiva. Nikachukua simu nikarekodi papo hapo, na jioni nikaiweka.

Kitu sikujua ni hiki: dawa nyingi za aina hiyo zina mafuta na vijazio. Vinaingia kwa mitaro ya mikwaruzo, vinalala humo, na mwanga unapita juu bila kutawanyika. Kwa macho, gari imepona. Halafu inaoshwa mara moja, mara mbili, sabuni inayatoa mafuta kidogo kidogo, na mitaro iko pale pale ilikuwa. Sponji yangu laini ilikuwa imekata klia kidogo sana, labda mikwaruzo midogo kabisa ndiyo ilitoka kweli. Mingine yote ilikuwa imepakwa losheni.

Sisemi hizo dawa ni mbaya. Ziko na kazi yake. Gari ina klia nyembamba, au mtu anataka kuiuza ama kuipeleka harusi kesho, zinasaidia. Shida ni kumwambia mwenye gari kwamba umetoa kitu ambacho umekifunika.

Anko anaosha gari kila Ijumaa. Baada ya kuosha mara ya tatu akanipigia. "Boss, ile mistari imerudi ama ni macho yangu?"

Video wakati huo ilikuwa inakimbia. Watu walikuwa wananiandikia wakiuliza bei. Nilikuwa nimesimama kwa kawoshi na ndoo mkononi na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hiyo ni vumbi tu, Anko. Lete Alhamisi nipitishe mkono."

Sasa ndio ujue uongo mmoja huzaa mwingine, na wa pili huja na mashine kubwa.

Mashine ziko aina mbili kuu. Kuna ile inazunguka kwa mhimili mmoja tu, kama grainda. Ina nguvu, inakata haraka, na inachemsha rangi haraka pia. Halafu kuna ile inazunguka na wakati huo huo inayumba, kama mtu anayepanguza kwa mkono lakini mara maelfu kwa dakika. Hiyo ya pili ukiikandamiza sana inaacha kuzunguka, inatetemeka tu. Ni kama ina akili ya kukataa ujinga. Yangu ilikuwa hiyo ya pili. Ile ya kwanza haikatai kitu. Ukiikandamiza, inaenda nawe hadi kwa bati.

Alhamisi nikaazima ile ya kwanza kwa jamaa wa gereji jirani, ikiwa na sponji ya manyoya na kompaundi ya kukata. Harusi ilikuwa Jumamosi. Stima ilikuwa imepotea asubuhi yote, ikarudi saa tisa, kwa hivyo nilikuwa nakimbizana na giza. Sikubandika tepu kwa kingo. Sikujaribu sehemu ndogo kwanza. Nilikuwa na hasira na hiyo mistari kana kwamba ndiyo ilinidanganya.

Boneti ya Crown ina ile mikunjo inapanda kutoka kwa taa kuelekea kioo. Juu ya mkunjo, klia huwa nyembamba kuliko sehemu iliyo bapa, kwa sababu rangi ikiwa mbichi huteleza kutoka kwa ncha. Na mashine ikipita pale, nguvu yote inakaa kwa mstari mmoja mwembamba badala ya kutawanyika kwa sponji nzima. Mambo mawili mabaya mahali pamoja. Hayo yote nayajua leo.

Siku hiyo nilisikia tu harufu. Kama plastiki iliyochomwa kidogo. Nikainua mashine, nikafuta, nikaona sehemu ya urefu wa kidole imepoteza mng'ao, imekuwa kama ubao wa shule. Nikafikiri ni dawa imekauka. Nikafuta tena. Halafu nikageuza sponji, na manyoya yalikuwa meusi.

Kama unafanya hii kazi, hiyo rangi kwa sponji ndiyo lugha unapaswa kuijua. Ukiwa ndani ya klia, kinachotoka ni uchafu mweupe ama kijivu, kwa sababu klia haina rangi. Gari iliyopigwa klia ikianza kukupa rangi yake, umeshapita. Hakuna dawa ya kurudisha. Hakuna polishi, hakuna waksi. Umetoboa.

Nilikaa chini kando ya gari. Sijui nilikaa dakika ngapi. Halafu nikampigia Anko.

Alikuja, akaangalia, akapitisha kidole mara moja. Nilikuwa nangojea makelele na nilikuwa nayataka, ingekuwa rahisi. Akasema, "Ile siku nilikuuliza, ungeniambia tu haikuwa imetoka. Ningeenda harusi na mistari yangu. Bibi harusi angeangalia mistari saa ngapi?"

Hapo ndipo niliona mambo venye yalivyo. Sikuharibu boneti Alhamisi. Niliiharibu ile siku nilisema ni vumbi.

Tukaipeleka kwa fundi mmoja wa rangi Kariobangi, mzee ambaye amepaka magari tangu kabla nizaliwe. Akaangalia ule mkunjo, akaniangalia mimi, akauliza, "Wewe ukishika ile mashine, hufikiri unaongeza nini?"

Nikasema naongeza mng'ao.

"Huongezi kitu. Unapunguza. Mkwaruzo ni shimo. Shimo halijazwi. Unashusha uwanja wote mpaka ufike chini ya shimo, halafu unasema shimo limeisha. Sasa wewe umeshusha uwanja mpaka ukakosa uwanja."

Nimeangalia video nyingi za wazungu na mashine zao za bei kali, na hakuna mmoja aliyewahi kunieleza hii kazi kwa sentensi fupi hivyo.

Boneti nzima ilibidi ipigwe msasa, ipakwe upya, ipigwe klia. Shilingi 9,000. Haikukauka kwa wakati, Anko akarudisha depo ya harusi na kumpa rafiki yake hiyo kazi. Nililipa deni kwa vipande vya elfu moja moja, wiki tisa. Na hadi leo ukiinama uangalie na jua, boneti ina vipele vidogo kama ganda la chungwa ambavyo milango haina. Watu hawaoni. Mimi naviona kila mara.

Baada ya hapo niliacha kupiga bafing miezi miwili. Nilirudi nikiwa na roho ya polepole, na wacha niwape venye nafanya saa hii, kwa sababu kuna mtu huko anashika mashine ya kwanza wiki hii.

Kwanza ni ukucha. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo bila kukandamiza. Ukikwama, huo ni mrefu kwenda chini, na kuutoa wote kunataka klia ambayo pengine huna. Mwambie mwenye gari ukweli: huo utapungua, hautaisha. Usipokwama, tunaweza kuongea.

Pili, osha gari vizuri, halafu pitisha klei, ule udongo wa kung'oa vitu vilivyoshikamana na rangi, ukiwa umelowesha sana. Ukiacha chembe moja ya mchanga na uweke mashine juu, unatengeneza mikwaruzo mipya kwa stima.

Tatu, kivuli. Bati likiwa moto, dawa inakauka kabla ifanye kazi. Weka mkono, kama huwezi kuuacha hapo kwa raha, ngoja.

Nne, tepu. Kingo zote, mikunjo yote, plastiki, raba za milango. Inachukua nusu saa na inaboesha. Ndiyo nusu saa ingeniokolea 9,000.

Tano, na hii ndiyo muhimu kuliko zote: jaribu sehemu ndogo, na anza na kitu dhaifu. Sponji laini na polishi nyepesi. Tonye tatu nne tu za saizi ya njegere. Sambaza kwa spidi ya chini, halafu ongeza. Fanya mraba wa kama sentimita 50 kwa 50, si mlango mzima. Sponji ilale bapa. Mkono uende polepole, kama sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mpito ukifunika nusu ya ule uliopita. Nenda kulia na kushoto, halafu juu na chini. Mipito minne, mitano. Simama. Kama mikwaruzo iko bado, ndio upande ngazi moja: polishi ile ile na sponji ngumu kidogo. Halafu kompaundi. Wengi huanza juu na kushuka. Mimi nilianza juu, mnajua ilikonifikisha.

Sita, jihoji mwenyewe kabla mteja akuhoji. Changanya alkoholi ya aisopropili na maji, nyunyiza, futa. Hiyo inaondoa mafuta ya dawa na unaona rangi ikiwa uchi. Halafu mulika tochi kutoka upande. Kama video yangu ya kwanza ningeifuta hivyo kabla nirekodi, singekuwa na video.

Kwa gari nyeusi kuna kitu kingine. Ukitumia kompaundi kali, inatoa mikwaruzo ya zamani lakini inaacha ukungu wake mwenyewe, ka-moshi fulani hivi ndani ya rangi. Nyeupe haitakuonyesha. Nyeusi itakuaibisha jua likitoka. Kwa hiyo baada ya kukata lazima urudi na sponji laini na polishi nyepesi kumalizia. Ile mashine ya mhimili mmoja nayo, mikononi mwa mtu hajazoea, inaacha mawimbi ya mwanga yanayocheza unapotembea kando ya gari. Ukiona gari nyeusi kwa trafiki ina mawimbi hivyo, ujue imetoka kwa bafing ya haraka.

Na piga hesabu ya sponji. Zinajaa uchafu, zinachemka, zinaacha kukata. Gari moja inataka kadhaa. Mimi nilikuwa na moja.

Mwisho funika na waksi. Haitoi mkwaruzo wowote, lakini maji na uchafu vinateleza, na siku ya kuosha hutasugua sana.

Sasa lile neno. Kila mwezi.

Kuna watu hapa mjini wanapiga gari bafing kila mwezi kama kukata nywele, na kuna mafundi wanafurahi kuwauzia. Nywele hurudi. Tuseme kila mara unatoa mikroni 2 tu, ukiwa mpole. Kwa mwaka ni 24. Klia yako ilikuwa 40 ikitoka kiwandani, na hiyo gari ni mtumba. Kabla ifike Mombasa hujui imepigwa mara ngapi huko ilikotoka, na hujui kama ule mlango uliwahi kupakwa upya. Kuna kifaa cha kupima unene wa rangi, na fundi wa kweli anacho ama anaazima. Lakini hata hicho kwa kawaida kinakupa unene wa tabaka zote pamoja, hakikuambii klia peke yake imebaki ngapi. Klia ikibaki nyembamba, jua linamalizia. Umeona yale magari yenye paa na boneti zimebambuka, zina mabaka meupe kama ngozi inayochubuka? Si yote ni ya bafing, jua peke yake pia huua klia. Lakini ukiipunguza wewe, umelisaidia jua.

Na wakati wote huo, ile kitu inayoleta mikwaruzo iko pale pale. Mikwaruzo mingi hii haitoki barabarani. Inatoka kwa kuosha. Nimefanya kazi kwa kawoshi, najua ninachosema, na sitamtusi mtu wa kawoshi kwa sababu nilikuwa yeye. Unalipwa kwa gari, foleni ya Jumamosi imefika kwa lango, mteja anaangalia saa. Kitambaa kimoja kinatoka kwa rimu kinapanda mlangoni. Kinaanguka chini, kinaokotwa. Vumbi la bypass linapanguzwa kavu kwanza "ili maji yasiwe mengi". Halafu kuna sisi wengine, tunaoandika "nioshe" kwa kidole kwenye gari ya mtu iliyo na vumbi. Hiyo ni msasa. Niliwahi kuona gari imeng'aa kabisa, halafu jua likapiga upande mmoja, na neno "nioshe" likatokea kwa buti.

Kwa hiyo kama una gari nyeusi, ama mzee wako anayo na wewe ndiye unatumwa kuiosha, fanya hivi kabla utafute mtu wa mashine. Mwagia maji mengi kwanza, vumbi liondoke lenyewe. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza glovu. Anza juu, malizia chini, na rimu ziwe na kitambaa chao. Kausha kwa taulo safi ya maikrofaiba, usisugue, ilaze na uivute. Ukienda kawoshi, beba glovu na taulo yako, ongezea jamaa kidogo, mwambie achukue muda. Hatakasirika. Mimi singekasirika.

Halafu piga bafing mara moja, vizuri, na ukae nayo. Ikirudi mistari michache, ni sawa. Gari inatumika.

Ile video sijaifuta. Nimefikiria sana kuifuta, lakini nikiifuta ni kama nasema tena ni vumbi. Nimeandika maneno juu yake: mistari hii ilirudi baada ya kuoshwa mara tatu. Watu wanaoniulizia bei wamepungua, sitadanganya. Wale wanaokuja wanauliza maswali mazuri zaidi.

Crown bado inaenda harusi. Naiosha mwenyewe kila Ijumaa, na mashine nimeigusa juu yake mara moja tu tangu wakati huo, ile yangu inayoyumba, tepu kila mahali. Mlango wa dereva una mkwaruzo mmoja ambao ukucha unakwama. Wiki iliyopita mteja aliyekuja kuiangalia akauonyesha kidole, akauliza mbona usitolewe. Nikafungua mdomo, lakini Anko akaniwahi.

"Huo tumeuacha," akamwambia. "Muulize kijana, atakuambia kwa nini."

Nikamwambia. Akalipa depo.